Naomba ushauri: Aliyenifundisha kazi sasa yuko chini yangu, na ndiye anayechelewa

Karani wa Mizani

Wakuu, habari za jioni.

Niko Dar, kwenye ghala la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, marumaru. Nilianza kama kijana wa kupakia, nikawa karani wa stoo, na tangu mwezi wa tatu bosi kanikabidhi usimamizi baada ya msimamizi wa zamani kuacha kazi. Chini yangu wako watu tisa. Wanane hawana shida.

Wa tisa ni mzee wa hamsini na kitu. Ndiye aliyenionyesha kusoma namba ya toleo ubavuni mwa boksi la marumaru, mteja asije akaondoka na maboksi kumi ya rangi moja na matano yaliyofifia. Hajawahi kupoteza hata mfuko wa saruji. Ila kazi inaanza saa 1:30, na yeye kuna siku anaingia saa 4. Si kila siku, lakini vijana wanaona. Juzi nimemuuliza mmoja kuhusu kuchelewa, kanijibu mbele ya wateja: "Mbona mzee humuulizi?" Sikuwa na jibu.

Bosi anataka nimwandikie mzee barua ya onyo, tena niirushe kwenye kundi la WhatsApp la kazini ili wengine wajifunze. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, akaniitikia marahaba, naanzaje kumpa barua? Nisipompa, vijana watanipanda kichwani.

Nawasilisha.

Mti Mkavu

Mkuu, cheo umepewa ukifanyie kazi. Shikamoo ni ya nyumbani, kazini kuna muda wa kuripoti. Andika barua leo. Ukimwonea haya huyo, wiki ijayo watachelewa wote.

Simba Mzee wa Pongwe

Bosi anayetoa onyo kwa WhatsApp, siku ya kufukuza atatuma stika?

Dada wa Zamu

Pole sana kaka. Mimi nasimamia wauguzi, na wengine walikuwa kazini nikiwa bado shule ya msingi. Hilo la kundi likatae kabisa. Mtu mzima ukimwaibisha mbele ya vijana hatabadilika. Atafanya kazi kwa kukukomoa, na hata aliyekuwa upande wako atajua zamu yake inakuja.

Halafu shikamoo haikuzuii kuuliza. Mwamkie kama kawaida, kisha mwambie, "Mzee wangu, naomba tuongee kidogo baada ya chakula." Kaeni nje, si wewe nyuma ya meza na yeye amesimama kama mwanafunzi. Taja siku na saa alizochelewa, uliza kuna nini, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wasimamizi wengi, wanauliza na kujibu wenyewe.

Kipanga Mweupe

Nimesoma uzi wote, sijaona sehemu mzee kaulizwa kwa nini anachelewa. Bosi hajui, wewe hujui, vijana hawajui. Barua itaandikwa nini sasa?

Karani wa Mizani

Wakuu, nimerudi. Leo nimekaa naye.

Kanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, lile lori la saruji la Mtwara nani analipokea?" Kumbe malori yakichelewa njiani anabaki yeye, na kufunga geti ni mpaka saa 4 usiku. Msimamizi wa zamani alimwambia kwa mdomo kwamba akishusha usiku, kesho yake aje saa 4 asubuhi. Malipo ya ziada hajawahi kuyaona. Mimi nikiwa karani nilikuwa natoka saa 11:30, nisingejua. Yeye akadhani nimeambiwa wakati wa makabidhiano.

Nimefukua hati za kupokelea mzigo. Kila siku aliyochelewa, usiku wa kuamkia siku hiyo kuna sahihi yake.

Sasa bosi bado anataka barua yake. Nimwambieje?

Mzee wa Faili

Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, nisikilize hapa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Zinaweza kupunguzwa mpaka 8 kwa makubaliano ya maandishi, tena kwa masharti yake. Aliyetoka saa 4 usiku anatakiwa kurudi saa 4 asubuhi. Kwa hiyo mzee hajachelewa hata siku moja. Mngempa onyo kwa kutii sheria.

La pili ni baya zaidi. Aliyeingia saa 1:30 asubuhi akatoka saa 4 usiku amevuka saa 12 kwa siku, na hilo haliruhusiwi hata ukilipa. Kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku inaongezeka asilimia 5 ya kazi ya usiku.

Mti Mkavu

Hiyo ni sheria ya kwenye karatasi, mkuu. Bosi wa ghala akisikia malipo ya ziada, anamtafuta mzee mwingine.

Mzee wa Faili

Ndiyo maana hapelekewi sheria, anapelekewa hesabu. Siku ya lori, anayepokea aingie saa 6 mchana, atoke saa 4 usiku, na saa moja ya kula katikati. Hizo ni saa 9, hakuna ziada. Kinachobaki ni asilimia 5 kwa saa mbili za usiku. Kwa mshahara wa 390,000, gawanya kwa saa 195 za mwezi, unapata 2,000 kwa saa. Nyongeza ni shilingi 200 kwa usiku mzima. Bosi wa kushindwa na 200 simjui.

Saa za nyuma ambazo mzee hakulipwa ni deni, hilo msilifunike. Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na hizo hati zenye sahihi yake, bosi ataongea lugha nyingine.

Dada wa Zamu

Na vijana waambiwe wote kwa pamoja kwamba mzee alikuwa anashusha lori wakiwa wamelala. Atangaze bosi mwenyewe, kwenye lile lile kundi.

Karani wa Mizani

Mrejesho, wakuu. Barua imekufa. Bosi kakubali ratiba ya zamu ya maandishi. Deni la nyuma kasema "tutaona", nami nimempa nakala za hati aone vizuri. Kutangaza kwenye kundi kagoma, nimewaambia mimi asubuhi kabla ya kufungua geti.

Mzee kachagua Jumanne na Alhamisi. Kijana aliyenijibu mbele ya wateja nimempa Jumatatu. Ameshaanza kuniuliza Jumanne anaruhusiwa kuingia saa ngapi.