Matairi vipara F1 2009: kwa nini nyuma iliteleza?

Swali: Mifereji ya matairi ya magari ya mbio za Formula 1 (F1) ilifutwa 2009, yakawa vipara. Mbona magari yalishika sana mbele huku nyuma ikiteleza?

Jibu: Upana wa matairi haukuguswa. Tangu 1999 kila tairi lilikuwa na mifereji minne. Ukiiondoa, la mbele, kwa kuwa ni jembamba, huongeza eneo la mguso kwa uwiano mkubwa kuliko la nyuma. Ndiyo maana timu zilisogeza mbele vyuma vya balasti (uzito wa ziada wa kusawazisha gari), ili kutumia mshiko huo.

Jibu: Na KERS, mfumo wa kurejesha nishati ya breki, ikala balasti hiyo! Betri na mota zilipunguza uzito wa kuhamisha, timu za madereva wazito zikaathirika zaidi.

Jibu: Bawa la nyuma, linalokandamiza gari chini, nalo lilikatwa upana hadi milimita 750. Dawa ilikuja 2010: tairi la mbele lilipunguzwa upana kutoka milimita 270 hadi 245.