Leso za marehemu mama: nizikate nishone mfarishi au niziache sandukuni? Naombeni ushauri

BintiLangoni

Asalaam aleikum jamani, hamjambo nyote. Nina jambo linaninyima usingizi tangu mfungo uishe na hapa mtaani sina wa kumuuliza manake kila ninayemgusia ni jamaa.

Mamangu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Katika vitu alivyoacha kuna sanduku la leso, nimezitoa juzi nikazihesabu, pea 23 nzima na vipande 9 ambavyo wenzake sivioni, vingine alimpa mtu, vingine najua ndivyo alivyotubebea sisi mgongoni. Mimi nashona viraka, nilianza 2019 na mito tu halafu nikaingia kwenye mifarishi, hizi wanazoita kwilti, na sasa nishashona sita lakini zote za vitambaa vya dukani. Hii nataka iwe ya mama. Si ya kulalia, ya kutundika ukutani, maisha yake mwanzo mpaka mwisho kwa leso zake mwenyewe, na katikati kile kisutu, leso ya harusi, alichoolewa nacho.

Basi dadangu mkubwa aliposikia tu akalishika sanduku. Anasema kukata leso za mama ni kama kumkata mama, afadhali zitolewe sadaka zivaliwe. Kakangu hana neno. Na mimi mwenyewe nikishika mkasi mkono unatetemeka, hasa kwa hicho kisutu. Kwenye pindo upande mmoja paliungua tundu dogo kama punje ya mtama, cheche ya chetezo siku ya harusi yake, na yeye mwenyewe akapaziba kwa uzi mwekundu, mishono midogo mpaka ukisogeze dirishani ndio uione. Nimeihesabu, kumi na moja. Mkasi wangu ukipita pale itakuwaje?

Halafu kuna majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Nyinyi mnajua leso haivaliwi bure. Ziko "Nani kama mama", "Wema hauozi", hizo hazina tabu. Lakini iko "Sina siri nina jibu", na mimi nilikuwa na miaka kumi hivi siku aliyoivaa akapita nayo mlangoni kwa mtu mara tatu na hana shughuli yoyote kule, na huyo mtu yuko hai, tunaamkiana kila asubuhi, na kwenye matanga ya mama alikuja akapika siku zote tatu. Nikiitundika ile mbele za watu si nitakuwa nimefufua ugomvi? Na nikiitoa, huyo aliyebaki si mama kamili.

Na la mwisho, nilijaribu kuosha kipande chekundu pamoja na cheupe, cheupe chote kimekuwa pinki. Nilikosea wapi? Nisaidieni jamani.

UmmuShela

Poleni sana mwanangu, Mungu amuweke mahali pema. Mimi nitasema moja tu. Kabla ya mkasi kuna mirathi. Leso zile si zako peke yako, ni mali ya marehemu na kila mrithi ana haki yake ndani, babako kama yuko hai yumo, bibi yako mzaa mama kama yuko hai naye yumo. Kwa hivyo dadako kulishika sanduku hajakosea, ila asilishike milele. Kaeni chini zigawanywe, fungu lako likishakuwa mkononi lifanye utakavyo, na yeye lake akitaka kulitoa sadaka alitoe. Tulipofiwa na shangazi yetu leso tuligawana siku moja na vyombo vya jikoni na hakuna aliyenung'unika.

Charahani_Mkomani

Nakujibu la rangi manake ndiyo kazi yangu. Leso nyekundu na nyeusi, hasa ile ambayo haikuvaliwa sana, hutoa rangi, na ile ambayo haijaingia majini kabisa bado ina wanga. Kabla hujakata kitu chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kandamiza juu ya kila leso usugue kidogo, ikiacha alama basi hiyo ioshe peke yake, maji baridi na sabuni kidogo, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Usiiloweke ukaiacha. Hicho cheupe kilichoingia pinki usikipige pasi, moto ndio unaoikaza rangi, kirudishe majini upesi usuuze na usuuze tena, pengine kitarudi pengine kitabaki kidogo.

La pili, leso kuukuu imelegea, ukiishona hivyo hivyo itachanika kwenye mshono baada ya muda mfupi. Nyuma ya kila kipande tia bafta nyepesi ambayo ushaiosha ikanywea. Ndani usijaze pamba nene, ya kutundika itafanya tumbo kama godoro, blanketi kuukuu jembamba au flana tabaka moja inatosha, na nyuma kabisa bitana ya marekani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Tandaza tabaka zote sakafuni uzivute zinyooke, upige bandi, mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati ukienda nje, upana wa kiganja kiganja, ndipo ushone. Ukianzia pembeni kitambaa chote kinasukumwa kinakutana katikati na pale hapatengenezeki tena. Na pini za chuma usizilaze usiku, hewa yetu hii ya chumvi asubuhi unakuta alama za kutu na kutu kwenye leso kuitoa ni kazi kubwa. Mimi iliniharibia shuka nzima ya mteja, nililipa.

MzeeWaFaza

Mwanangu, ndoo nikwambie. Mimi nashona kofia za viua kwa mkono miaka zaidi ya 30. Kofia moja nzuri inanichukua mwezi na zaidi, nguo nyeupe mpya naichora kwa penseli halafu naitoboa, tundu baada ya tundu, kila tundu nalizungushia uzi mpaka likaze. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia nimeiharibu ile nguo. Kwa hivyo kukata si dhambi, mwambie dadako nimesema mimi.

Lakini kisutu usikikate. Kile ni kizima, kina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na wewe unataka kitu cha ukutani, sasa unakikatia nini? Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, ina jina. Ufanye mfarishi wako uwe leso. Kisutu kiwe ndio mji, kizima vile vile na kile kiraka cha mamako, na zile nyingine ndizo uzikate uzizungushe ziwe pindo. Halafu jina utalitafuta, usilifanyie haraka.

BintiLangoni

Mzee wangu, hapa nimesoma mara mbili nimelia. Sikuwahi kufikiria hivyo kabisa, nilikuwa nimekaa na mraba mraba wa kwenye video kichwani. Shukran sana. Umeniondolea mzigo wa kisutu, sasa bado ule wa majina.

Wa_Ng'ambo

Hamjambo watu wa nyumbani. Nilisoma India miaka mitatu na likizo moja rafiki yangu alinipeleka kwao kaskazini mwa Karnataka, kule wanaishi Wasidi, watu ambao asili ya wazee wao ni huku kwetu Afrika Mashariki, walivushwa bahari hii hii zamani, wengi wao utumwani. Mamake rafiki yangu alikuwa amekaa chini barazani anashona mfarishi, wao wanaita kawandi, na mimi nilikaa pale mchana kutwa sikutoka. Hawafanyi kama alivyosema fundi hapo juu (samahani fundi, sikupingi). Wanaanzia pembeni. Wanatandika sari kuukuu, wanaweka kiraka pembeni, wanakunja ukingo wake kwa kidole huku wanashona, kisha kingine, wanazunguka hivyo pande zote wakiingia ndani mpaka wafike katikati, sindano inaingia inatoka na kila mshono unapita tabaka zote. Hakuna bandi hakuna fremu. Vitambaa vyote ni nguo za watu wa nyumbani zilizochakaa.

Na kwenye pembe nne wanatia vijiraka vya pembetatu vilivyokunjwa, wanaviita phula, maana yake maua. Nilimuuliza mama yule ni vya nini akanijibu kwamba kawandi bila phula iko uchi. Sasa mimi nasoma hapa habari ya pindo nikaona niseme, zile leso tisa zisizo na wenzake zingefaa sana kwenye pembe.

Charahani_Mkomani

Hujanipinga ndugu, ukikunja na kushona papo hapo kwa mkono unaweza kuanzia pembeni manake unakitawala kitambaa. Kwa charahani usijaribu.

MamaWaMalindi

Habari dada, mimi niko Malindi nami nashona, nimesoma uzi wote. Kukata nguo za marehemu si jambo geni duniani. Kuna kijiji Marekani jimbo la Alabama kinaitwa Gee's Bend, wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, wanajulikana kwa mifarishi yao mpaka 2006 serikali yao ikaitoa kwenye stempu za posta. Mmoja wao, Missouri Pettway, mumewe alifariki, basi mwaka 1942 akachukua nguo zake za shamba, suruali zilizopauka magotini na mashati, akazishona mfarishi apate kumkumbuka na kujifunika nao. Ile mipauko ya magoti inaonekana mpaka leo. Hakutafuta kitambaa kipya aifiche, na hicho ndicho kinachonigusa mimi kila nikitazama picha yake. Kwa hivyo ukikuta doa la masizi au mafuta kwenye leso za mama usikimbilie kulikata utupe.

Kuhusu kuonyesha watu. Tahadhari na picha. Mwaka juzi niliweka picha ya kazi yangu nzima, imenyooka, imetoka vizuri, kabla ya miezi mitatu nikaikuta dukani imechapishwa kwenye mifuko ya watalii, hata jina langu hakuna, nilipoenda kuuliza niliambiwa picha za simu hazina mwenyewe. Niliumia sana. Sasa naweka kipande tu, karibu, pale mishono inapoonekana, kazi nzima aje aione kwa macho. Na nyuma ya kila kazi nadarizi jina langu, mji na mwaka, kwa uzi, siandiki kwa kalamu. Picha piga asubuhi kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, pana kivuli, kazi itundike inyooke, usiwashe taa ya simu. Kwa kutundika shona kifuko kirefu nyuma kwa juu upitishe mti, usiigongomee misumari, na ukuta usiwe ule unaopigwa na jua, leso itapauka upesi. Siku za mvua ya kusi iteremshe uiviringe na shuka nyeupe ya pamba, usiikunje, usiitie kwenye nailoni itaota kuvu.

Na lile jina la "Sina siri nina jibu"... dada, kwa nini usimuulize mwenyewe? Yuko hai. Umesema amepika matanga siku tatu.

UmmuShela

Mimi hapo sikubaliani. Maneno ya watu wazima ya miaka hiyo mtoto hayaingilii. Kama ataka leso ile iwemo aitie ndani, tabaka ya kati, iwepo na isisomeke. Mama atakuwa kamili na heshima ya mtu itakaa.

MamaWaMalindi

Bi Ummu nakuheshimu na hilo la tabaka ya ndani ni zuri. Lakini mtu aliyepika matanga nadhani ana neno lake na pengine hajapata wa kumwambia.

BintiLangoni

Wenzangu nimechelewa kurudi, wiki tatu sasa. Tuligawana kwa mpango kama Bi Ummu alivyosema, ami yetu akasimamia. Dada nilimwambia kisutu hakiguswi na mkasi, nikamchorea kwenye karatasi mji na pindo, akakaa kimya sana halafu akanipa na vipande vinne kutoka fungu lake, vya kwenye pembe. Sadaka ametoa zilizobaki. Mimi nishaanza kupiga bandi.

Ile leso niliifunga kwenye mfuko nikaenda nayo kwa yule mama, baada ya Alasiri, nilikuwa nimepanga nitasema nini na nilipofika nikasahau vyote nikaitoa tu nikamwekea mapajani. Akaisoma. Akanitazama, akainuka akaingia chumbani, nikajua nishaharibu. Alikaa huko mpaka chai aliyonipa ikapoa. Akatoka na leso imekunjwa, ya zamani, akaitandika juu ya ile ya mama: "Hasidi hana sababu". Akasema hii ndiyo aliyomjibu nayo kesho yake, akapita nayo mlangoni kwetu, na kwamba mwaka uliofuata walikuwa wakizivaa pamoja wakienda harusini, mmoja yake na mwengine yake, sisi watoto tulikuwa hatujui. Kisha akaniambia kama naitia ile ya mama basi na hii niitie ubavuni mwake, zote zisomeke.

Kwa hivyo zitakaa pindo la chini, upande kwa upande. Yake ni nyekundu. Nimeikandamiza kitambaa cheupe kama fundi alivyosema na inatoa rangi, leo ni mara ya nne naisuuza na maji bado hayajawa meupe.