Ushauri: Ferrari F355 ya 1996 au Honda NSX ya 1992, nichukue ipi?

Raskazone_Tanga

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, hasa kwa mlioko Ulaya, Marekani na Ghuba mliowahi kumiliki au kutengeneza magari haya.

Naishi Northampton, Uingereza, mwaka wa 19 sasa, kazi yangu udereva wa lori. Nimedunduliza miaka 11 kwa ajili ya gari moja tu, na mama watoto ameridhia. Bajeti haizidi pauni 90,000. Jamaa zangu wanasema kwa pesa hiyo nichukue gari jipya la kasi lenye waranti. Moyo haupo huko.

Nikiwa darasa la nne niliichora Ferrari Testarossa kwa mkaa ukutani kwa bibi, na ile mistari ya ubavuni niliirudia mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilidhani ni urembo. Ukubwani ndipo nikajua imefunika matundu ya hewa ya rejeta, kwa sababu injini ya silinda 12 iko nyuma na rejeta zimewekwa ubavuni. Tangu hapo napenda magari ambayo kila unachokiona kina kazi yake.

Wiki iliyopita nilienda kuyaona yote mawili. Kwenye F355 muuzaji aliniruhusu kukaa na kuingiza gia, injini ikiwa imezimwa. Fimbo ya gia inapita kwenye bamba la chuma lenye njia zilizochongwa wazi. Ukiingiza ya tatu inalia "tak", na mlio huo unausikia mpaka kwenye kiwiko. NSX nayo dashibodi yake iko chini na kioo ni kipana, unaiona barabara mpaka karibu na miguu.

Nichukue ipi? Na siku nikirudi nyumbani, naweza kurudi nalo?

FundiMaskati

Mkuu, hongera kwa kudunduliza. Niko Maskati, magari ya namna hii nimeyashika miaka 20.

F355, kubadilisha taimingi belti (mkanda unaopanga valvu zifunguke kwa wakati) ni lazima ushushe injini yote. Fundi hakuibii akikwambia hivyo, nafasi ya kupitisha mikono haipo. Ferrari wenyewe waliliona hilo: modeli ya 360 iliyotoka 1999 wakaiwekea kifuniko nyuma ya viti, belti unaifikia injini ikiwa mahali pake. Sasa injini ikishashushwa usikubali kubadilishiwa belti peke yake. Gaidi za valvu, yaani vile virija ambamo valvu hupanda na kushuka, kwenye zile za miaka ya mwanzo zinalika mapema, na injini hiyo ina valvu 5 kwa kila silinda, yaani 40 zote, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Manifoldi za ekzosi hupasuka. Vitufe vya ndani, plastiki yake ikizeeka inanata kama utomvu wa fenesi.

Kubwa zaidi: usifurahie kilometa chache. Mwaka 2014 nilinunua gari la aina hii, jina silitaji, lilikuwa limetembea kilometa 14,000 tu kwa miaka 18. Wiki ya pili mpira wa mafuta ukapasuka nikiwa barabarani, petroli ikawa inatiririka karibu na ekzosi. Nilizima, nikatoka mbio. Baadaye nilipoukata ule mpira ulivunjika kama mchaichai mkavu. Gari lile halikuharibiwa na safari, liliharibiwa na kufungiwa.

DarMpakaMoro

Kuhusu kurudi nalo: Tanzania linaingia, ila gari lililozidi miaka 10 unalipia ushuru wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Kenya ndiyo kabisa, lililozidi miaka 8 hawalipokei. Halafu fikiria matuta ya Chalinze hadi Segera na gari lililolala chini vile. Liache huko huko kaka.

KijanaWaKasi

Naheshimu mapenzi yako kaka, lakini ongeza pesa kidogo uchukue Ferrari 458 Italia. Ina nguvu za farasi 570. F355 ina 380, NSX ya mwaka huo 270 tu. Siku hizi kuna magari ya umeme ya kubebea familia yanaiacha NSX nyuma.

Bi_Usukani

KijanaWaKasi, mdogo wangu, kwa kasi umesema kweli. Lakini 458 haikutengenezwa hata moja yenye klachi ya mguu. Kwa Ferrari zenye injini ya V8 (silinda 8) iliyokaa katikati, F430 ndiyo ya mwisho kuwa nayo, na walionazo hawaziachii.

Nina NSX ya 1991 hapa Maryland, huku inaitwa Acura, mwaka wa tisa sasa. Usukani wake hauna pawa, ukipita kwenye kokoto viganja vinajua. Injini ikifika mizunguko 5,800 kwa dakika, VTEC (mfumo wa Honda wa kuzifungua valvu zaidi) inafunguka, sauti inabadilika nyuma ya kichwa chako, na unaweza kuipandisha mpaka 8,000. Ni mimi ninayeamua lini nibadilishe gia, nikikosea gari linaniambia pale pale. Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, aliijaribu kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, mwaka 1989 akaona bodi haijakaza vya kutosha, Honda wakarudi kuikaza. Mhandisi Gordon Murray alipokuwa anabuni gari la McLaren F1 aliifanya NSX kipimo chake cha uendeshaji. Hawa hawakuwa watu wa kubabaishwa na namba za farasi.

Raskazone, belti ya NSX inabadilishwa bila kushusha injini. Ila kagua mambo mawili. Bodi ni ya alumini, kama iliwahi kugongwa tafuta aliyeinyoosha ni nani, maana si kila fundi anaiweza. La pili, angalia namba ya giaboksi. Kuna fungu la 1991 hadi mwanzoni mwa 1992 lenye kasoro kwenye ringi moja ya ndani, na ikikatika inaweza kupasua ganda zima la giaboksi.

Raskazone_Tanga

Wakuu, asanteni sana, nimesoma kila neno.

Jana usiku nilipitia rekodi za MOT (ukaguzi wa magari wa kila mwaka huku Uingereza) za magari yote mawili kwenye tovuti ya serikali. F355 imetembea maili 212 tu kwa miaka sita. Fundi, ule mpira wako ulinijia hapo hapo. NSX imetembea kila mwaka, maili 3,000 hivi, na ankara za belti zipo.

Leo asubuhi nimeiendesha. Mvua ilikuwa inanyesha, nikawasha taa, zikainuka mbele yangu kama macho ya kiboko. Nilipita mzunguko wa kwanza wa barabara kwa gia ya pili, mikono ikiwa na kazi ya kweli, na nikajikuta natafuta mzunguko mwingine.

F355 nimempigia muuzaji kumwambia asinisubiri. Dada Bi_Usukani, nimelala chini ya NSX na tochi nikaipiga picha namba ya giaboksi. Nimekutumia inboksi, naomba uniangalizie kabla sijalipa Jumatatu.