Ishara nne katika The Silver Chair: watoto walizikosa tatu, kwa nini bado walimpata mwana wa mfalme?

Mwalimu wa Hadithi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma na wanafunzi wangu wa darasa la sita riwaya ya C. S. Lewis iitwayo The Silver Chair, iliyotoka Uingereza mwaka 1953. Kwa wasioikumbuka, Rilian, mwana wa pekee wa Mfalme Caspian wa Narnia, ametoweka kwa miaka 10, na simba Aslan anawatuma watoto wawili wa shule, Jill Pole na Eustace Scrubb, wamtafute mpaka wampate, au wafe wakimtafuta, au warudi kwao. Kabla ya safari anamkaririsha Jill ishara 4. Eustace atamwona rafiki wa zamani mara tu atakapokanyaga Narnia, naye amsalimu papo hapo. Kisha waende kaskazini hadi kwenye magofu ya mji wa majitu ya kale. Huko watakuta maandishi kwenye jiwe, wafanye yanavyosema. Mwisho, watamtambua mwana wa mfalme kwa sababu ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza safarini kuwaomba jambo kwa jina la Aslan.

Ishara tatu za kwanza zote zinawapita. Wanafunzi wangu wameniuliza: ikiwa Rilian anapatikana hata hivyo, ishara zilikuwa na kazi gani? Sitaki kuwajibu juujuu, kwa hiyo naomba maoni ya waliokisoma kitabu hiki kwa makini. Je, mwandishi anawaambia watoto kwamba kukosea hakuna gharama?

Mkutubi Mstaafu amejibu:

Mwalimu, gharama ipo, na mwandishi anaionyesha kila hatua, isipokuwa haji na fimbo kuitangaza. Chukua ishara ya kwanza. Eustace anafika bandarini Cair Paravel na kumwona mfalme mkongwe akipanda merikebu, wala haimpitikii kwamba huyo ndiye Caspian, kijana aliyesafiri naye baharini, kwa sababu huko Narnia imepita kama miaka 50 wakati kwao Uingereza imepita miezi tu. Bundi Glimfeather anapowaeleza ukweli, merikebu imekwisha kung'oa nanga. Laiti wangemsalimu mfalme, wangepata watu na msaada wake. Badala yake wanabaki na Trumpkin, msimamizi wa ufalme aliye mzee na kiziwi, ambaye kamwe asingewaruhusu kuondoka, kwani mfalme alikwisha kupiga marufuku msako wowote mpya baada ya kupoteza mashujaa zaidi ya 30. Inabidi bundi wawatoroshe usiku hadi kwenye vinamasi, na huko wanapewa msindikizaji mmoja tu, Puddleglum.

Kwa hiyo safari iliyoweza kuwa ya kikosi kizima ikawa ya watu watatu, wenye njaa na baridi. Waulize wanafunzi wako kama hiyo si gharama.

Mama wa Wawili amejibu:

Nawashauri watoto wasome kwanza The Voyage of the Dawn Treader ya mwaka 1952. Bila hicho, Caspian mzee ni mtu baki tu kwa msomaji, na ile ishara ya kwanza haiumi inavyopaswa kuuma.

Msomaji wa Pwani amejibu:

Nakubaliana na Mkutubi, ila nina shaka moja ambayo sijaona ikijibiwa. Watoto hawa hawakusahau ishara kwa uvivu. Walikutana na bibi mzuri aliyevaa kijani, akiandamana na shujaa mwenye deraya nyeusi asiyetamka neno, naye akawasifia ngome ya Harfang iliyojaa maji ya moto, vitanda laini na nyama ya kuchoma. Kuanzia siku hiyo hawakuwaza kingine, na Jill akaacha kuzikariri ishara asubuhi na jioni. Aslan alijua yote yatakayotokea. Mbona hakuwaonya habari za bibi yule? Kumtwika mtoto mzigo wa kukumbuka, kisha kumficha adui, mimi naona ni kumwonea.

Mkutubi Mstaafu amejibu:

Ndugu Msomaji, hoja yako ina uzito, lakini rudi mlimani ambako Jill alipewa ishara. Aslan anamwambia waziwazi kwamba kule juu hewa ni safi na akili yake ni safi, ila akishuka Narnia hewa itakuwa nzito, na ishara hazitafanana hata kidogo na anavyozitarajia. Hilo ndilo onyo, nami naliona pana kuliko kumtajia adui mmoja kwa jina, maana angekuja mwingine mwenye vazi la rangi nyingine.

Tazama jinsi ishara ya tatu inavyokuja. Wanapita katika dhoruba ya theluji, vichwa chini, wakiharakia Harfang. Jill anatumbukia kwenye kitu anachodhani ni handaki, wanalifuata, linapinda, linafika mwisho, wanatoka wakiwa wamechoka. Puddleglum anajaribu kuwakumbusha ishara, nao hawana hamu ya kumsikiliza. Kesho yake, kutoka dirisha la juu la ngome, wanauona mji wote wa magofu chini yao, na yale mahandaki ni herufi kubwa zilizochongwa katika mawe: CHINI YANGU. Walikuwa wametembea ndani ya maandishi waliyotumwa kuyatafuta. Sijui mwandishi mwingine wa watoto aliyeonyesha kwa uwazi hivi namna mtu anavyoweza kusimama juu ya jibu na akili yake iko kwenye maji ya moto.

Mwanafasihi amejibu:

Naona jibu la swali la Mwalimu liko kwenye ishara ya nne, ambayo bado hatujaigusa.

Katika nchi ya chini ya ardhi wanamkuta kijana mcheshi anayemsifu malkia wake, yule yule bibi wa kijani. Anawaeleza kwamba kila usiku hushikwa na wazimu kwa saa moja, ndiyo maana hufungwa kwenye kiti cha fedha, nao wanaahidi kwamba hawatamfungua hata akiwabembeleza vipi. Saa inafika, anapiga makelele, anawasihi kwa hili na lile, hatimaye anawasihi kwa jina la Aslan. Ishara ndiyo hiyo, lakini imetoka kinywani mwa mtu waliyeambiwa kwamba akifunguliwa ataua. Eustace anatamani kujua kama mambo yatakwenda salama. Puddleglum anamjibu kwamba Aslan hakumwambia Jill litakalotokea, alimwambia la kufanya tu. Huenda mtu huyu akawaua, lakini hilo haliwaondolei wajibu. Wanakata kamba, na aliyeinuka kitini ni Rilian mwenyewe, ambaye saa ile ya wazimu ndiyo pekee aliyokuwa na akili zake.

Ishara tatu za kwanza zilitaka macho na kumbukumbu. Hii ilitaka wahatarishe uhai, na kama wasingeumia kwa kuzikosa zile tatu, sidhani kama wangethubutu kuitii. Makosa yao hayakufutwa. Ndiyo yaliyowafanya wakatae kukosea tena mahali ambapo kosa lingekuwa la mwisho.

Mwalimu, ukifika kwenye sura hiyo, usiisome yote kwa mkupuo. Simama pale Rilian anapolitaja jina la Aslan, ufunge kitabu, uwaambie wanafunzi wapige kura kama afunguliwe au la, na kila mmoja aandike sababu yake. Walioahidi kutomfungua walikuwa wameahidi kwa dhati, kwa hiyo asidharauliwe mwanafunzi atakayesema aachwe kitini.