USHAURI: Mtu aamini nini hasa ili aokoke na awe na tumaini la ufufuo?

Mwalimu wa Kipaimara:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Darasani vijana wamegawanyika. Mmoja anasema yatosha kuamini Mungu yupo, mwingine kwamba ubatizo wa utotoni umemaliza kila kitu, wa tatu kaambiwa asiyeongozwa sala ya toba hajaokoka. Kimaandiko, ni lipi lisiloweza kuachwa?

Mwinjilisti:
Amina mwalimu. Anzia 1 Wakorintho 15:1-8, maana Paulo mwenyewe anasema hiyo ndiyo injili inayookoa: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na mashahidi. Usiruke neno "akazikwa". Linamzuia mtu kudai kwamba Yesu alizimia tu.

Kisha Warumi 10:9: kumkiri Yesu ni Bwana na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua. "Bwana" hapo si neno la heshima tu. Mistari minne mbele Paulo ananukuu Yoeli 2:32, ambako Bwana ni Mungu mwenyewe. Anayemkubali Yesu kama mwalimu mwema tu bado hajafika.

Mwalimu wa Kipaimara:
Na sala ya toba, mtumishi?

Mwinjilisti:
Toba ni lazima, ila Biblia haina maneno maalumu ya kukariri. Soma Matendo 16:30-34. Mlinzi wa gereza la Filipi aliambiwa amwamini Bwana Yesu, akahubiriwa neno, akawaosha Paulo na Sila mapigo yao, akabatizwa usiku uleule. Sala inafaa ikiwa ni njia ya kukiri. Ikigeuzwa kipimo, mtu hukumbuka tarehe aliyosali lakini hawezi kueleza anamwamini nani. Na yule wa "Mungu yupo" umpe Yakobo 2:19: hata mashetani huamini hivyo na kutetemeka.

Mzee wa Kanisa:
Kuhusu ubatizo, usiwatishe vijana. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hubatiza watoto wachanga. Wabaptisti na Wapentekoste hungoja mtu akiri mwenyewe. Mhalifu wa Luka 23:43 hakubatizwa, naye aliahidiwa peponi. Hata hivyo Matendo 2:38 haimpi mtu ruhusa ya kuudharau.

Panaponiuma zaidi ni ufufuo. Misibani tunahubiri roho kwenda mbinguni, basi, kumbe Imani ya Mitume inakiri ufufuo wa mwili. Yesu mfufuka aliwaambia wanafunzi wamshike, akala samaki mbele yao (Luka 24:39-43), naye ndiye limbuko letu, yaani wa kwanza katika ufufuo ambao sisi tutaufuata. Himenayo na Fileto walifundisha kwamba ufufuo umekwisha kuwapo, wakapindua imani ya watu (2 Timotheo 2:17-18).

Na vijana wajue kwamba kufufuka si kwa waumini peke yao. Yohana 5:28-29 inasema wote waliomo makaburini watatoka, wengine kwa uzima, wengine kwa hukumu. Wasabato husema wafu wamelala hadi siku hiyo, makanisa mengine husema waumini wako na Kristo tayari. Usitumie kipindi kizima hapo.

Mwinjilisti:
Naongezea: kila kijana aeleze 1 Wakorintho 15:3-4 kwa maneno yake, Biblia ikiwa imefungwa. Wengi hukwama kwenye "kwa ajili ya dhambi zetu". Wakikwama, warudishe kwenye Isaya 53 kabla hujagusa 1 Wakorintho 15:12, panapoanza hoja ya ufufuo wa wafu.