Naomba ushauri: konyeza (jellyfish) aliyekatika minyiri (zile nyuzi ndefu zinazoning'inia) namjuaje ni wa familia gani?

Habari wakuu, nina picha na sampuli za konyeza nazipanga kifamilia kwa maumbile tu na nimekwama vibaya. Wale wa mchemraba (box jellyfish) hawanisumbui, kwenye kila kona ya mwavuli unaangalia kishikio cha minyiri, kishikio chenye mnyiri mmoja ni oda (kundi kubwa lenye familia kadhaa) ya Carybdeida, chenye mingi ni oda ya Chirodropida, basi. Na asiye na minyiri kabisa pembeni halafu ana mikono 8 ya mdomo najua huyo ni wa oda ya Rhizostomeae.

Shida yangu ni hawa wenye mikono 4 ya mdomo. Najua familia ya Cyaneidae minyiri yao inatoka chini ya mwavuli kwa mafungu 8, familia ya Pelagiidae inatokea ukingoni, ila sampuli zangu nyingi minyiri imeshakatika yote sasa nabaki na mwavuli tu!! Nimeanza kutumia mifereji ya tumbo, nikiona imetawika na kuna mfereji wa duara ukingoni naandika familia ya Ulmaridae, lakini kwenye sampuli iliyosinyaa ile mifereji haionekani vizuri. Je kuna rangi ya kuingiza ndani ionekane bila kuharibu sampuli? Na nikikosa kabisa, niishie kwenye oda tu? Kukisia familia sitaki kwa kweli, naombeni msaada.