Wataalamu wa vita: kuingia mnakisia, kutoka mnadai uhakika. Kwa nini?

Wakuu, nimechoka na hawa wanaoitwa wataalamu wa sera za nje, hasa wa Washington na London. Vita vikinukia tu, wanajaa kwenye televisheni kutuambia kwamba kusubiri ni hatari. Vita hivyo hivyo vikitakiwa kuisha, wanageuka: tusikurupuke, hali bado hairuhusu, tutaacha ombwe. Wanatuona hatuna kumbukumbu?

Chukueni Iraki. Februari 5, 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikaa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akainua kichupa kidogo chenye unga mweupe, kuonyesha jinsi kimeta kidogo tu kinavyotosha kuleta maafa. Wakaguzi wa Hans Blix, mkuu wa ukaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, walikuwa bado kazini ndani ya Iraki, na Blix alisema kazi iliyobaki ni ya miezi, si ya miaka. Hakupewa hiyo miezi. Machi 20 mabomu yakaanza kushuka, na maghala ya silaha za maangamizi tuliyoambiwa yapo hayakuonekana mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi, Powell huyo huyo ndiye aliyejulikana kwa kanuni kwamba usiingie vitani bila lengo linaloeleweka na njia ya kutokea. Kanuni waliijua vizuri, wakaiweka pembeni.

Na si kwamba hawakuonywa. Mwezi huo huo wa Februari, Jenerali Eric Shinseki, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, aliwaambia maseneta kuwa kuishikilia Iraki baada ya vita kutahitaji wanajeshi laki kadhaa. Siku mbili baadaye Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, akayatupilia mbali makadirio hayo. Mwaka 2005 Wolfowitz akawa rais wa Benki ya Dunia. Ukikosea hesabu ya vita, unapandishwa cheo!

Sasa subiri ifike zamu ya kuondoka. Hapo kila mmoja anataka kujua kesho yake: nani atatawala, nani atalinda mipaka, majirani watafanya nini. Ni maswali halali kabisa, lakini yanaulizwa kwenye mlango wa kutokea tu. Libya mwaka 2011 watu waliharakishwa kuingia vitani kwa hoja ya kuokoa raia, Gaddafi akauawa Oktoba, na mwaka 2016 Obama mwenyewe alikiri kwamba kutojipanga kwa ajili ya siku iliyofuata huenda ndilo kosa lake kubwa zaidi.

Halafu kuna hoja ya damu, hii ndiyo inanikera kuliko zote. Kabla ya vita, ukitaja watakaokufa unaambiwa una woga. Wakishakufa, wanageuzwa sababu ya kuendelea: tukiondoka sasa, watakuwa wamekufa bure. Kwa hesabu hiyo, kila jeneza linadai jeneza jingine, na hakuna vita vitakavyokwisha. Afghanistan ilikwenda hivyo kwa miaka 20. Kila mara tuliambiwa jeshi la nchi hiyo linaimarika, liongezewe muda kidogo. Agosti 15, 2021 Taliban wakaingia Kabul kabla hata mwanajeshi wa mwisho wa Marekani hajapanda ndege. Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa fujo na watu walikufa uwanja wa ndege, hilo silipingi. Lakini wale wale waliotuhakikishia jeshi lipo imara wakarudi kwenye televisheni kusema, mnaona, tungebaki.

Wanaowatetea humu naomba mnijibu bila kuzunguka. Kama kisio linatosha kupeleka vijana vitani na kushusha mabomu juu ya miji ya watu, kwa nini halitoshi kuwarudisha? Na kama uhakika ni lazima, kwa nini hamkuudai kwa Powell siku ile alipoinua kichupa?